Pikapu na Chupa ya Ijumaa

Jumatatu, 10 Juni 2024

Leo asubuhi imesukumwa. Nilikuwa jikoni nikipuliza moto nikasikia ile sauti ninayoichukia, ngrr, ngrr, ngrr, kisha kimya, kisha mume wangu Idrissa akipiga usukani kwa kiganja. Basi, kiangazi chetu cha baridi kimefika. Mwaka mzima pikapu yetu inawaka ukiigusa tu. Ukungu wa mto Lualaba ukianza kupanda hadi huku kwetu na watu wakitoka nje asubuhi wamejifunika mashuka, inagoma.

Tunakaa kwenye barabara ya Kibombo, mwendo wa saa nzima hadi Kindu mjini, barabara ikiwa na hisani. Wamama wa soko huja alfajiri na mafungu ya sombe, majani ya muhogo, na magunia ya mpunga, Idrissa awapeleke. Msimu wa baridi wanalipa mara mbili, kwa noti na kwa mabega. Mama Josiane, muuza sombe, ndiye kiongozi wa wasukumaji, na sauti yake inafika hadi kitandani kwangu.

Miaka mingine nilikuwa nacheka. Mwaka huu sicheki, kwa sababu mimba yangu inakua pamoja na baridi hii. Elodie, binti yangu wa kwanza, alitolewa kwa kupasuliwa. Daktari ameniambia wazi: safari hii uchungu ukianza usingoje nyumbani, usipande pikipiki, tafuta gari uje moja kwa moja, maana kovu halitaki mchezo. Mtoto namtegemea mwanzo wa Septemba. Tarehe kumi na tisa Agosti nitahamia mjini kwa dada yangu Claudine, jirani na hospitali. Mapema zaidi haiwezekani, Claudine ana chumba kimoja na watoto tele. Mpango ni mzuri, lakini watoto wa tumboni hawaulizi mtu tarehe. Na gari tuliyo nayo ni hii tu.

Alhamisi, 13 Juni

Imesukumwa.

Jumamosi, 15 Juni

Imesukumwa mara mbili. Ya pili ilizimika mbele ya msikiti, watu wakitazama. Mama Josiane amesema leo jioni mume wake ndiye atapika, yeye amefanya kazi ya trekta.

Jumanne, 18 Juni

Idrissa amegundua ugonjwa: batiri. Amezunguka mjini kutwa, amerudi na nyingine, amekaa nayo mapajani kama mtu aliyepata mtoto. Alipoifunga ikawaka mara moja, akanitazama kwa majivuno. Nikamwambia ni saa kumi jioni na jua bado linachoma. Akasema mimi na walimu wenzangu tuna tabia ya kusahihisha hata visivyo mtihani.

Baba Twaibu, baba mkwe wangu na mwenye pikapu, alikuwa kwenye kiti chake cha kamba barazani. Huwa hatii neno katika mambo ya ufundi. Leo alisema moja tu.

"Hii gari haikosi nguvu, Idrissa. Inataka heshima."

"Baba, heshima inauzwa duka gani?"

Mzee akacheka hadi kofia ikamteleza.

Jumatano, 19 Juni

Imesukumwa, pamoja na batiri yake mpya.

Jumapili, 23 Juni

Mbinu mpya: mbabula, jiko la makaa. Idrissa amejaza makaa, yamewaka vizuri, ameuingiza mbabula chini ya injini na kukaa pembeni na kifuniko cha sufuria akipepea. Ikawaka bila kusukumwa. Tulipiga makofi. Kisha tukanusa kitu, na kumbe waya mmoja ulikuwa unayeyuka.

Mama Mwamini, mama mkwe wangu, alitoka jikoni akatazama mbabula wake ulivyojaa masizi ya mazutu, ile dizeli yetu.

"Mbabula ni ya kupikia watu. Mukitaka kupikia gari, mutafute mbabula ya gari."

Lakini nimewaza kwamba joto limesaidia. Injini ilitaka tu joto kidogo, kama mimi ninavyotaka chai. Ila siwezi kupanga uzazi wangu juu ya moto uliowekwa karibu na tenki la mazutu.

Ijumaa, 28 Juni

Mama Mwamini anakamua mafuta ya mawese mwenyewe, kutoka michikichi ya nyuma ya nyumba, na anayapanga jikoni katika chupa, mstari mmoja karibu na ukuta. Leo jioni aliniita kwa kidole.

"Mama Elodie, weye ulichukua chupa?"

"Hapana, Mama."

"Basi iko muntu anachukua. Kila Ijumaa. Sitaki kusema nani."

Alipokataa kusema nani, alitazama barazani kwenye kiti cha kamba. Anaamini Baba Twaibu ana mwanamke upande wa msikiti na anampelekea mafuta. Mzee huyu anapata shida kuinuka kitini! Nilijizuia nisicheke. Yeye hakucheka. Amekaa naye tangu usichana na ana haki ya wivu wake, lakini mimi namwona mzee kama mtu mkaidi tu, wala si mhuni.

Jumanne, 2 Julai

Tumefunga shule. Miguu imevimba. Imesukumwa.

Jumamosi, 6 Julai

Ameletwa fundi. Anaitwa Déo, ni mtu wa Butembo aliyefuata biashara huku, amejenga gereji ya mabati karibu na soko mjini. Ni mrefu, anaongea polepole, na amevaa koti zito ambalo kwetu huwezi kuliona hata kwa mgonjwa wa malaria.

"Ninyi munaita hii baridi?" alisema. "Kwetu Butembo asubuhi unatoa moshi mudomoni, na gari zinawaka. Hii yenu iko na kitu ingine."

Akafungua, akatoa buji, zile pini zinazopasha injini joto kabla haijawaka. Mbili zilikuwa zimekufa. Akaweka mpya. Kisha akafungua filtre, kale kakopo kanakochuja mazutu, akaingiza kidole, akatuonyesha. Kilikuwa kimepakaa utando mzito, wa rangi ya chungwa, kama sabuni iliyolowa.

"Mazutu munanunua wapi?"

"Kwa wale wa pembeni ya barabara," Idrissa akasema.

"Wanawachanganyia. Hamia kwa mwingine."

Akaweka filtre mpya. Baba Twaibu alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikiangalia kile kidole cha fundi kwa muda, akarudi kukaa.

Jumatatu, 8 Julai

Imewaka! Yenyewe! Mama Josiane alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi tayari, akabaki hana la kufanya. Nimemsifu Déo kwa kila aliyepita.

Jumanne, 9 Julai

Imewaka.

Jumapili, 14 Julai

Imesukumwa. Nafuta sifa zote.

Jumatano, 17 Julai

Idrissa amegombana na Déo kwa simu. Kwanza ilibidi apande kichuguu cha nyuma ya shule ili apate mtandao, kwa hiyo kijiji kizima kimesikia upande wake wa ugomvi. Anasema ameuziwa buji za uongo. Mazutu tumeshahamia kwa muuzaji mwingine, na bado. Mimi pia naanza kuamini watu wa Butembo wanajua biashara kuliko ufundi. Nikiwa na hasira nasema mambo ambayo sitaki wanafunzi wangu wayasikie.

Usiku mtoto anacheza sana. Namwambia atulie, gari bado.

Jumamosi, 20 Julai

Ukungu hadi saa nne. Imesukumwa hadi karibu na kisima. Mama mmoja ameanguka, goti limechubuka, akacheka yeye mwenyewe kabla yetu.

Jumatano, 24 Julai

Leo nilikuwa nataka kuunga sombe, nikainamisha chupa ya mafuta juu ya sufuria. Hakuna kilichotoka. Nikaitikisa, nikaipiga tako, hakuna. Ilikuwa imeganda hadi shingoni. Nikaichomeka katika maji ya moto, nikangoja, na sombe yangu ikakaribia kuungua. Kila mwaka ni hivi mwezi wa saba na wa nane, na kila mwaka nasahau kuiweka chupa karibu na jiko tangu usiku. Mama Mwamini amenikumbusha kwamba msichana aliyelelewa vizuri hasahau. Nimemjibu kwamba msichana mwenyewe sasa ni mzito kama gunia la mpunga na anasahau hata jina lake.

Ijumaa, 26 Julai

Chupa nyingine haipo. Mama Mwamini alichukua ufagio. Alifagia mahali palepale hadi udongo ukatoka.

Ijumaa, 2 Agosti

Ninaandika nikiwa nimekaa kitandani, Elodie amelala miguuni. Leo nimejua mambo mawili kwa pamoja, na sijui nimweleze nani kwanza.

Asubuhi Idrissa alikuwa ameshakwenda mjini, baada ya kusukumwa, kisha akarudi mapema kwa kuwa abiria ni wachache. Mama Mwamini alikuwa shambani. Baba Twaibu, amevaa kanzu ya kwenda msikitini, alikuja mlangoni mwa jikoni na kukohoa. Yeye haingii jikoni kamwe. Alikuwa ameficha kitu ndani ya mkono wa kanzu.

"Mama Elodie, nisaidie kidogo. Hii imekamata baridi. Nipashie."

Ilikuwa chupa ya mafuta. Imeganda, kama yangu ya juzi.

Nikaiweka katika maji ya moto bila kuuliza, maana ni baba mkwe wangu. Ilipoyeyuka aliifuta kwa kitambaa, akashukuru, akaondoka. Lakini hakushika njia ya msikiti. Nilichungulia. Alizunguka nyuma ya nyumba kwenye pikapu, akafungua kifuniko cha tenki, akasema maneno polepole kama dua, akaimimina chupa yote ndani.

Nikatoka. Nilisimama tu na mwiko mkononi. Alinigeukia wala hakustuka. Alionekana kama amechoka kuficha.

"Kaa, mwanangu," alisema, akaniletea kile kiti chake cha kamba ambacho hampi mtu.

"Mwaka ule wa vita treni haikukuja tena Kindu. Mazutu ilikuwa hakuna, hata ya taa. Na gari zote watu wa bunduki walikuwa wanachukua. Mi nikatoa magurudumu ya hii, nikayazika. Yenyewe nikaifunika na matawi kule kwenye michikichi. Wakikuja wanaona chuma tu, wanaenda. Kisha Mama yako akapata uchungu wa Idrissa. Mutoto hakuje. Ikakucha, hakuje. Nikafukua magurudumu. Mazutu niliyokuwa nayo haikujaza hata sufuria. Mama yako mwenyewe, na uchungu ule, njo yeye akasema: kamata mafuta yangu ya mboga, mwanga ndani ya tenki. Nikamwanga yote. Gari ikawaka. Tukapita njia ya pori, moshi nyeusi nyuma yetu inanuka mandazi, na mimi ninalia na ninacheka. Tukafika hospitali. Wakawaokoa wote wawili."

Akafunga kifuniko cha tenki vizuri.

"Njiani niliweka naziri. Nikasema: Mungu, ukiniachia mama na mutoto, hii gari haitakosa mafuta ya Mwamini Ijumaa hata moja. Na haijakosa. Sasa weye uko na mimba. Unataka niache sasa?"

Machozi yalinilengalenga, nakiri. Muda wote nimemwona mkaidi, kumbe kila Ijumaa anatushukuria sisi sote. Kisha nikaitazama ile chupa tupu mkononi mwake, na mambo mawili yakakutana kichwani.

"Baba, Idrissa alizaliwa mwezi gani?"

"Wa tatu. Jua lilikuwa kali sana."

"Na leo, hii chupa ilikuwa namna gani ulipoileta?"

Aliigeuza chupa mkononi.

"Saa hizi kumekucha zamani na ilikuwa imeganda, Baba. Ndani ya tenki, alfajiri, iko namna gani? Kile kitu kwenye kidole cha Déo kilikuwa mafuta ya Mama."

Baba Twaibu aliitazama chupa, kisha tenki. Nilijua ameelewa, kwa sababu aliponijibu alijibu kwa hasira, naye si mtu wa hasira.

"Naziri ni naziri. Na Mama yako usimuambie."

Akaenda msikitini bila kofia.

Hebu fikiria nyumba hii. Jikoni kila mtu anajua mafuta yanaganda Julai. Uani kila mtu anajua pikapu inagoma Julai. Miaka yote hiyo hakuna aliyetoka jikoni na habari ile hadi uani, na mimi mwenyewe nimo, nimefundisha sayansi darasa la nne.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimemwambia Idrissa. Amesema, "Kumbe njo mimi ninaizuia." Nikamwambia kuzaliwa kwake si kosa, aache upuuzi. Hataki kumkabili baba yake juu ya nadhiri. Anasema gari ni ya mzee na dua ni ya mzee.

Na tumbo ni la nani?

Jumanne, 6 Agosti

Baba Twaibu hanitazami. Imesukumwa. Mgongo unauma.

Ijumaa, 9 Agosti

Nilimkuta Mama Mwamini amevaa kitenge chake cha sikukuu na amejipaka wanja.

"Ninaenda msikitini. Nitasimama inje. Leo nitamuona huyu mwanamuke anayekula mafuta yangu."

Nikaona aibu itakayotokea pale mbele ya watu. Kunyamaza sikuahidi, niliambiwa tu nisimwambie. Nikamshika mkono, nikamweleza yote, nikianzia kwenye chupa niliyoipasha. Kwanza alicheka. Alicheka hadi akaketi chini na kitenge cha sikukuu, wanja ukamchuruzika. "Njo mwanamuke mwenyewe hii! Iko na magurudumu!" Halafu kicheko kikaisha na akabaki anatazama tumbo langu.

Akainuka, akaenda barazani. Mzee alikuwa na chupa ndani ya mkono wa kanzu, anangoja nimpashie, nadhani, au anaogopa kuniomba.

"Twaibu. Mafuta ni ya nani?"

"Yako."

"Nilikupa juu ya nini?"

"Juu ya safari."

"Safari ilifika. Vita iliisha. Mutoto mwenyewe njo ule, iko na ndevu. Mi mwenye mafuta ninasema, imetosha."

"Mwamini, niliahidi mbele ya Mungu."

"Uliahidi chupa. Hakuna anayekukataza chupa. Pa kumwangia njo utafute pengine."

Alikaa na chupa yake mapajani hadi wakati wa sala ukakaribia. Aliporudi kutoka msikitini bado alikuwa nayo, imejaa. Aliirudisha mwenyewe kwenye mstari, akiwa ameingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu nije nyumba hii. Akaniambia, "Mama Elodie, muite yule Mubutembo."

Jumamosi, 10 Agosti

Déo yuko Pangi, anatengeneza lori la watu wa mgodi. Atarudi Jumatatu ya tarehe kumi na tisa, siku hiyohiyo ninayohamia kwa Claudine. Idrissa alimwomba radhi akiwa juu ya kichuguu, kwa sauti ileile ya ugomvi, kijiji kikasikia na hiyo. Déo alicheka tu. Alisema kwao chupa ya mawese haijawahi kuyeyuka yenyewe, na kwamba angetujua vizuri angeuliza.

Idrissa alijaribu kushusha tenki mwenyewe. Boliti zimeliwa na kutu, spana imevunjika. Mafuta ya miezi yote hiyo bado yamo ndani.

Jumatano, 14 Agosti

Imesukumwa. Siku chache tu zimebaki. Nimefunga mzigo wangu. Nimemwambia mtoto: Jumatatu, si kabla.

Jumatatu, 19 Agosti, hospitalini

Yuko hapa, pembeni yangu, amefungwa shuka la bibi yake. Msichana. Hakusikia neno langu hata moja.

Ilikuwa Jumamosi alfajiri, giza likianza kupungua, baridi ya kuuma. Niliamka na maumivu, nikajidanganya ni mgongo. Ya pili hayakudanganyika. Nilimwamsha Idrissa, akatoka mbio amevaa shati upande, na mara nikasikia ngrr, ngrr, ngrr. Kimya. Tena. Kimya. Wamama wa soko walikuwa bado, Jumamosi huja wamechelewa, na pale nyumbani kulikuwa na Idrissa usukanini, Mama Mwamini na mzee. Ni uwanja tambarare. Watu wawili wazee hawawezi kusukuma gari ile hata hatua kumi.

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo, niliogopa sana. Nilishikilia nguzo ya baraza, nikiwaza kovu langu, nikimtazama Elodie aliyekuwa amesimama mlangoni na usingizi machoni. Idrissa akajaribu tena na sauti ya batiri ikaanza kulegea. Mama akapiga kelele, "Acha, utaimaliza!"

Wakati huo Baba Twaibu alikuwa nyuma ya nyumba. Kila alfajiri ya baridi anapasha birika la maji ya kutawadha. Alitokea nalo, linafuka moshi, akaja moja kwa moja kwenye pikapu. "Fungua mbele!" Idrissa akafungua boneti. Mzee akavua kilemba alichojifunga kwa baridi, akakizungushia ile filtre, akaanza kumimina maji polepole juu ya kitambaa, kisha kwenye bomba la mazutu, kisha kwenye pampu, akirudi tena kwenye filtre. Alifanya kama mimi nilivyompashia chupa, bila haraka. Mama Mwamini alikuja na sufuria ya maji ya uji wa Elodie. Yakaingia nayo.

"Ngoja," mzee alisema. "Ngoja inyonye joto."

Tulingoja. Uchungu mwingine ukaja na ukapita, na mzee akainua mkono.

"Sasa."

Ngrr, ngrr, ikakohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikawaka, na moshi mweusi ukajaa uwanja mzima, na kweli, ulikuwa unanuka mandazi. Mama Mwamini akashika mdomo. Nadhani alikuwa hajanusa harufu ile tangu siku yake mwenyewe.

Walinipandisha mbele. Mama akabaki na Elodie. Baba Twaibu akapanda nyuma, na birika la pili alilokwisha kulijaza maji ya moto, amelifunga kwa blanketi, amelikumbatia. Kila Idrissa alipopunguza mwendo kwenye mashimo, mzee aligonga paa na kupiga kelele, "Isizimike! Niko na maji!" Nilikuwa nalia kwa maumivu na bado nikacheka.

Haikuzimika. Daktari alinipasua mara moja. Baadaye alikuja kitandani, akaniambia kovu lilikuwa limeanza kuwa jembamba mahali, akasema mngechelewa, kisha hakumaliza, akanipongeza.

Idrissa anasema baba yake alisali asubuhi ile nyuma ya hospitali akiwa ametawadha kwa maji baridi ya bomba, na alikuwa anatetemeka mwili mzima. Hakulalamika hata kidogo.

Jumanne, 20 Agosti

Mtoto ataitwa Mwamini. Bibi yake amekubali kwa sharti kwamba jina lisiingizwe kwenye tenki la gari yoyote.

Ijumaa, 23 Agosti

Hapa hospitalini kila mgonjwa hupikiwa na watu wake. Nyuma ya jumba la wazazi kuna uwanja wa mafiga, na ndugu wa wazazi wanakaa hapo kutwa, kila mmoja na sufuria yake. Wako wasio na kitu. Kitanda cha jirani yangu kuna binti kutoka Tunda, ameletwa kwa barabara ndefu, mama yake anachemsha sombe bila kitu chochote ndani.

Baada ya sala ya mchana nilimwona Baba Twaibu dirishani. Alikuwa na kanzu na kofia, na mkono mmoja mzito. Hakuja kwetu kwanza. Alienda hadi kwenye mafiga, akakohoa kama alivyokohoa mlangoni mwa jikoni, akamwuliza yule mama kama anaruhusiwa. Akatoa chupa, akasema maneno yake polepole, akamimina kwenye ile sufuria, kisha kwenye nyingine, na nyingine, hadi ikaisha. Jua la mchana lilikuwa limeiyeyusha njiani.

Alipoingia kwetu alikaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama mtoto.

"Mama yako alisema nitafute pa kumwangia," aliniambia. "Nimepata."

Nilimpa mtoto amshike.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimerudi nyumbani. Déo alikuja nikiwa hospitalini, ameshusha tenki, ameliosha, ameweka filtre nyingine. Alikataa chakula cha mbio mbio, akakaa akala vizuri, na amemfundisha Idrissa kufungua filtre mwenyewe. Nimemtumia salamu za kumwomba radhi kwa yale niliyoyasema, ingawa hakuyasikia.

Ijumaa, 30 Agosti

Imewaka yenyewe. Mama Josiane na wenzake walikuwa wamejipanga nyuma na mikono tayari, ikaondoka bila wao. Walibaki wamesimama barabarani, ikabidi Idrissa arudi kinyumenyume kuwachukua.

Jumatatu, 2 Septemba

Shule zimefunguliwa, mimi niko likizo ya uzazi. Asubuhi bado kuna ukungu ila ni mwepesi, na usiku wa jana tumesikia ngurumo upande wa Pangi.

Baba Twaibu hawezi kuacha. Kila alfajiri, kabla ya Idrissa kutoka, anapasha mabirika mawili. Moja la kutawadha. La pili analipeleka kwenye pikapu, anasimama nalo mbele ya boneti, anangoja. Idrissa anazungusha ufunguo, inawaka mara moja, wamama wanapanda, wanaondoka. Mzee anabaki uwanjani na birika la moto ambalo halina kazi.

Leo alikuja mlangoni mwa jikoni akakohoa, kisha akaingia. Aliweka birika karibu na beseni.

"Mama Elodie, gari imekataa maji."

Nikayachanganya na ya baridi, nikaonja kwa kiwiko, nikamwogeshea Mwamini mdogo.